Mji Uliozoea Kuwa Mandhari

Mwishoni mwa filamu ya Hatari! ndama wa tembo wanakimbia katika mitaa ya Arusha wakimfuata mwanamke aliyetoroka kambini. Filamu hiyo iliongozwa na Howard Hawks, ikatoka mwaka 1962, na nyota wake ni John Wayne. Kikosi cha Hollywood kiliingia Tanganyika mwishoni mwa 1960, kikapiga kambi Momella, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru, na waigizaji wenyewe wakapanda magari kuwafukuza vifaru na twiga nyikani. Mwekee mzee wa Arusha filamu hiyo leo, hachelewi kuisahau hadithi. Macho yake yanahamia nyuma ya tembo: lile duka lilikuwa la nani, ile barabara ndiyo ipi sasa, na yule anayepisha njia, mbona anafanana na watu wa fulani? Watu wetu wamo humo. Wanapisha, wanabeba, wanacheka pembeni, kisha picha inakatwa.

Miaka 60 baadaye, tarehe 28 Aprili 2022, filamu ya The Royal Tour ilizinduliwa Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Humo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwandishi wa habari wa Marekani, Peter Greenberg, katika vivutio vya nchi. Filamu ilikuwa na kazi yake, kuita wageni, na mji unaoishi kwa wageni haukuwa na sababu ya kununa. Hatari! nayo iliacha alama: Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani aliyecheza ndani yake, alipapenda Momella hata akanunua shamba akakaa. Sina ugomvi na kazi hizo. Ila ukiziweka pamoja, pamoja na matangazo yote ya safari yanayopigwa kati ya Ngurdoto na Ngorongoro, unaona jambo moja: Arusha imezoea kusimama nyuma ya picha ya mtu mwingine. Mlima, wingu, mti wa mgunga, Mmasai aliyeshika fimbo. Vyote vizuri, na vyote vimenyamaza.

Ndiyo maana nimekuwa nikiitafakari kampuni ndogo, ile inayotengeneza filamu fupi na kuandaa michezo ya jukwaani ya majaribio. Kampuni ninayoifikiria ina watu watano au sita. Ina kamera moja, maikrofoni ya kuazima, taa mbili, na kompyuta inayochemka wakati wa kuediti. Mazoezi hufanyika darasani wanafunzi wakishatoka, au ukumbi wa kanisa siku isiyo ya kwaya, au uani kwa mmoja wao, mitaa ya Sakina, Kijenge au Sombetini, watoto wa jirani wakichungulia juu ya ukuta. Mwongozaji ndiye anayechemsha chai. Mwigizaji mkuu ana kazi nyingine ya mchana. Vikundi vya namna hiyo huzaliwa na kufa bila tangazo, na vingi havifikii hata kuchonga muhuri. Sitaki kuuliza vitakuwaje vikubwa. Nataka kujua vinaweza nini ambacho wakubwa hawawezi.

Wako wanaoshangaa kuona watu walewale leo wako jukwaani, kesho wako nyuma ya kamera. Kwa historia yetu hakuna la kushangaza. Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mwigizaji wa filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye tunayemwona katika Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001. Miaka ya 1980 na 1990 makundi kama Muungano na TOT yalijaza kumbi za baa kwa ngoma, sarakasi, taarabu, vichekesho na mchezo wa kuigiza, vyote katika usiku mmoja na kwa kiingilio kimoja. Televisheni binafsi ilipoanza mwaka 1994 watazamaji walianza kubaki nyumbani, na waigizaji wakawafuata hukohuko. Kundi la Kaole likaigiza ITV, na katika Kaole ndimo walimotoka Steven Kanumba na Vincent Kigosi, waliokuja kuibeba filamu ya Kibongo mabegani. Kamera ya Tanzania imelelewa na jukwaa. Walipoachana, jukwaa lilikufa njaa na filamu ikabaki na maneno mengi.

Nalisema hili la maneno mengi kwa makusudi. Filamu nyingi za Dar es Salaam za miaka ile zilirithi mazungumzo ya jukwaani bila kurithi nidhamu ya jukwaa. Watu wawili wamekaa kwenye sofa, wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili mtazamaji naye ayajue, na kwa kuwa msambazaji alitaka kuuza sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, sofa ile ilikaliwa muda mrefu sana. Filamu fupi haina nafasi ya sofa. Ousmane Sembène alipoanza Senegal, mwaka 1963, alimfuata mwenye mkokoteni wa farasi kwa siku moja tu mjini Dakar, akaipa Borom Sarret dakika zisizofika ishirini na tano, na Afrika ikapata sinema yake. Hapa kwetu Amil Shivji alianza na Shoeshine, mwaka 2013: kijana mng'arisha viatu wa Dar es Salaam, wateja wanakaa, wanasema yao, wanaondoka. Ukiiangalia vizuri hiyo ni kazi ya jukwaani iliyowekwa barabarani. Kiti kimoja kinatosha, ilimradi kila anayekikalia aje na dunia yake.

Na neno majaribio lisitutishe. Ebrahim Hussein alikwishapata heshima kwa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na angeweza kuurudia muundo ule maisha yake yote, hakuna ambaye angelalamika. Akaandika Mashetani mwaka 1971, kisha mwaka 1976 akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo msimulizi mmoja anabeba jukwaa zima kwa namna ya ngano. Kundi la Paukwa likaja na Ayubu mwaka 1984, kazi iliyotungwa na kundi zima badala ya mwandishi aliyejifungia chumbani. Parapanda, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1994, likajitambulisha tangu mwanzo kuwa maabara. Hawa wote walikuwa wakijaribu, na walijaribu kwa kurudi kwenye utambaji wa hadithi, mahali ambapo bibi hahitaji pazia wala mavazi ili awe sungura, kisha fisi, kisha mvua.

Kuna jaribio jingine ambalo ni vizuri kijana wa kampuni ndogo alijue. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika. Walitengeneza filamu 35, fupi zote, wakazizungusha kwa gari Afrika Mashariki na kati. Ziliitwa za majaribio, na mjaribiwa alikuwa mtazamaji. Wakubwa walikuwa wakipima kama Mwafrika anaielewa picha inayotembea, kama ataisikia habari ya minyoo na ya kuweka akiba posta. Watengeneza filamu wa kikoloni waliofuata walishika imani kwamba mtazamaji wetu hawezi kufuata picha inayokatwa upesi, na kwamba kila kitu lazima kiende taratibu, kama anavyolishwa mgonjwa.

Imani hiyo ilijibiwa na vibanda umiza, vile vya mtaani vya kuonyeshea video. Mabenchi ya mbao, maturubai meusi, joto, na filamu ya Hong Kong ambayo mateke yake hayahesabiki. Kando ya skrini, mtu ameshika maikrofoni. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo Tanzania: kuitafsiri filamu papo kwa papo, kuwapa wahusika majina ya mtaani, kuongeza utani, kumkemea adui kabla hajatokea. Mitaa ya Ngarenaro na Unga Limited imekulia humo. Wenye kuandika vitabu vya sanaa huko nje wangeita hiyo thieta ya majaribio na kuipa ruzuku. Sisi tuliiita kupoteza muda, tukawafukuza watoto warudi shule. Mimi nasema kampuni ndogo ya Arusha inayotaka kuunganisha skrini na jukwaa isitafute mfano mbali. Mwigizaji hai akisimama kando ya picha, akabishana nayo, watu wa Unga Limited hawatahitaji maelezo. Wamekwisha kuhitimu.

Sasa turudi mlimani, maana kuna jambo Hollywood ililipita likiwa karibu kabisa.

Momella inapakana na Engare Nanyuki. Novemba 1951, miaka isiyofika kumi kabla ya magari ya Hawks kufika, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa moto. Mifugo ilisukumwa kwenda nyanda za chini ambako wengi walijua ingekufa, na mingi ikafa kweli. Wameru hawakushika mikuki. Babu zao walikwisha kuona, kuanzia mwaka 1896, Wajerumani walivyolipiza kisasi, na Boma la Arusha lililokamilika mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa kwa jasho la kulazimishwa la Wameru na Waarusha. Mara hii walichanga fedha. Walimtuma mwenzao, Kirilo Japhet, aende New York mwaka 1952, na pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakaifikisha kesi ya ardhi ya Wameru Umoja wa Mataifa. Baraza Kuu lilipopiga kura, azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili. Walishindwa kwa hesabu, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba kumbe mtu wa kijijini anaweza kwenda kusema huko.

Kampuni kubwa ikipewa habari hii itataka nyumba ziungue. Itataka askari mia, ng'ombe elfu, na ndege ya zamani ikitua New York. Kampuni ndogo haina hata ng'ombe mmoja, na hapo ndipo inapolazimika kufikiri. Mimi ningetengeneza filamu ya dakika kumi kuhusu nauli tu. Meza moja, daftari, karani anayeandika majina. Mikono inaweka fedha. Mama mmoja anataka kujua fedha hizi zitarudi au hazirudi. Mzee anauliza huko New York ni mbali kuliko Dar es Salaam, na kijana anayejifanya anajua anamjibu uongo. Mmoja hana kitu, na mjadala unazuka: jina lake liandikwe au lisiandikwe? Nyumba haziungui hata moja, na kila mtazamaji wa vijiji vya Poli na Akheri atajua nini kimeungua.

Jukwaani ningefanya vingine. Watazamaji waingie wapewe vibao vya nchi: wewe Uingereza, wewe India, wewe Marekani, bibi yangu wewe Poland. Kirilo asimame aseme, na aseme Kimeru kwanza bila mfasiri, mpaka watu waanze kuguna. Kisha wakalimani waje, watafsiri vibaya kidogo. Mwisho watazamaji wapige kura, na idadi itangazwe kama ilivyo usiku ule, iwe yoyote. Kuna usiku Wameru watashinda. Kuna usiku watashindwa ukumbini kwao wenyewe, kwa kuwa jamaa aliyepewa kibao cha Uingereza ameamua kuwa Uingereza. Hapo ndipo mchezo unapokuwa wa majaribio kwa maana ninayoipenda: waigizaji wenyewe hawajui utaishia wapi.

Arusha ina mali nyingine ya aina hiyo, na siisikii ikisemwa sana. Mji huu ulikaa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ndani ya majengo yaleyale ya AICC ambamo baadaye ilizinduliwa The Royal Tour. Mwananchi aliruhusiwa kuingia. Alikaa upande huu wa kioo, akavaa visikilizio, akamsikia shahidi wa upande wa pili akieleza yaliyompata, maneno yakimfikia kwa sauti tulivu ya mkalimani. Tarehe 2 Septemba 1998 humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna yake kutolewa na mahakama ya kimataifa. Nje, wauza magazeti na madereva wa teksi waliendelea na biashara. Mji ulipangisha nyumba kwa mawakili, ukawauzia nyama choma, ukawasomeshea watoto. Walijifunza nini wapishi, wafagizi na walinzi waliosikia mambo yale kwa miaka? Mtunzi wa jukwaa anayetaka kujaribu kitu na kioo, visikilizio na sauti isiyolingana na uso hana haja ya kwenda Berlin kutafuta wazo. Aende Sekei akamtafute mama aliyekuwa akifagia korido.

Lakini kampuni lazima ile, na hapa mambo yanakuwa magumu.

Chakula cha kampuni ndogo Arusha hutoka sehemu tatu: harusi, kampuni za utalii, na mashirika. Harusi ni kazi ya heshima. Ina ratiba yake, ina ugomvi wake wa kamati, na imewafundisha wapiga picha wengi kuwahi machozi kabla hayajafutwa. Utalii unalipa zaidi, na una hatari yake ya kimyakimya. Mteja anataka mlima. Kuanzia Juni hadi Agosti Meru hujifunika mawingu siku nzima, na mpiga picha wa tangazo anakaa garini akilaani. Siku hizohizo ndizo nzuri kwa filamu fupi: mwanga ni laini, hauhitaji kitambaa cha kukinga jua wala ubao wa kurudishia mwanga, uso wa mtu unaonekana wote. Jicho lililofundishwa wiki nzima kusubiri mlima ufunuke lina kazi kubwa Jumamosi kukubali kwamba mlima haupo na mtu yupo. Wengine hawawezi tena. Nimeona filamu fupi za vijana wenye vipaji ambazo ni matangazo ya safari yenye huzuni kidogo: ndege isiyo na rubani inapaa juu ya migomba, muziki unalia, na mhusika anatazama mbali bila kutuambia anatazama nini.

Mashirika nayo yana mchezo wake. Arusha imejaa mashirika, na kikundi kinachojua kuigiza hakikosi mradi wa malaria, wa ukeketaji, wa haki za watoto. Penina Muhando na wenzake walipokwenda vijijini miaka ya 1980 na sanaa ya maonyesho kwa maendeleo, wanakijiji ndio waliotaja tatizo, wakalichambua, wakaligeuza mchezo, wakalijadili. Siku hizi tatizo huja limechapishwa katika karatasi, pamoja na ujumbe unaotakiwa, idadi ya watazamaji na tarehe ya kuwasilisha ripoti. Kikundi kinachoigiza ujumbe uliolipiwa kinaujua mwisho kabla ya mwanzo. Silaumu wanaoichukua kazi hiyo, kodi ya chumba haingoji. Nasema tu kwamba mwigizaji akizoea kuwa bomba la ujumbe, siku atakayopewa swali lisilo na jibu atalitafutia ujumbe, na swali litakufa.

Wako walioonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wa chama cha Black Panther huko Marekani, walianzisha kituo chao cha jamii Imbaseni, chini ya Meru, mwaka 1991, na vijana wa huko wamejifunza sanaa bila kuuzwa kama mandhari ya mtu. X Plastaz wa Arusha nao waliichukua hip hop wakaichanganya na uimbaji wa Kimaasai, wakatoa albamu mwaka 2004, na hawakuomba radhi kwa lafudhi yao.

Lafudhi ni jambo kubwa. Katika vichekesho vingi vya Dar es Salaam Mmasai ni mlinzi wa getini. Anakosea Kiswahili, watu wanacheka, mchezo unaendelea. Kampuni ya Arusha ikirudia kichekesho hicho, nani anamcheka nani? Hapa Kiswahili kina sauti zake: chalii wa Kaloleni, mama wa Kimeru anayeuza ndizi Tengeru, Mwarusha wa Ngaramtoni ambaye ni mkulima na bado anaitwa Mmasai na wageni, Mpare, Mchaga, Msomali, Mhindi mwenye duka aliyezaliwa hapa na bibi yake alizaliwa hapa. Wakiwekwa jukwaani wakazungumza kama wanavyozungumza, bila mtu kuwasahihisha wala kuwacheka, Arusha nzima itajisikia. Huko siyo kuhifadhi utamaduni. Ni usikivu tu, na usikivu ndio mtaji ambao kampuni ndogo inao wakati haina kingine.

Sheria haijawasaidia sana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inaweka filamu na jukwaa katika kapu moja, na kwa hilo ina busara isiyokusudiwa. Lakini inataka kibali, na kibali hutanguliwa na maandishi. Mchezo unaozaliwa mazoezini, ambao nusu yake itaamuliwa na watazamaji usiku wenyewe, utapeleka maandishi gani? Sheria iliyotungwa kwa ajili ya makampuni inamkuta kijana wa miaka 22 mwenye kamera ya kuazima na wenzake wanne, na inamtaka awe kampuni kabla hajawa msanii. Bodi ya Filamu ingeweza kuweka ngazi ya chini kabisa kwa kazi fupi zisizo za biashara na kwa maonyesho ya watu wachache: taarifa ya ukurasa mmoja ingetosha.

Halafu kumbi. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikaa katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, jengo la kawaida kabisa, ikatoka na Azimio la Arusha. Leo jengo hilo ni makumbusho, na ni haki yake. Lakini mji uliowahi kuona ukumbi mdogo ukibadili nchi umejenga kumbi kubwa za mikutano na za harusi, na umesahau chumba cha watu themanini chenye viti visivyofungwa sakafuni, soketi zinazofanya kazi na mlango unaofungika ili giza liwe giza. Jiji la Arusha lina majengo ya kata ambayo saa kumi na mbili jioni huwa yamefungwa kwa kufuli. Nani ameulizwa funguo?

Naomba basi madiwani waulizwe, na walimu wakuu pia, na maparoko. Na wewe msomaji wa Arusha, ukisikia kuna kikundi kinaonyesha filamu ya dakika kumi na mbili na mchezo usioeleweka vizuri kwenye darasa fulani Ijumaa jioni, nenda. Usiombe kadi ya mwaliko wala usiingie kwa kujuana. Lipa kiingilio kama Wameru walivyolipa nauli, kaa mpaka mwisho, na kama kazi haikukupendeza, waambie palepale, wenyewe wakiwa wamesimama mbele yako.